Kutafuta Kijiwe cha Mpira Ugenini

Dakika ya 119 tuliisikia kabla ya kuiona.

Ilikuwa jioni ya tarehe 5 Julai 2024, robo fainali ya Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, kati ya Ujerumani na Hispania, nami nilikuwa nimekaa juu ya kreti la bia lililopinduliwa, kando ya barabara, mbele ya duka la kona katika mtaa wa Neukölln, Berlin. Runinga ya inchi 55 ilikuwa juu ya meza mlangoni, imezungushiwa maboksi yaliyokatwa kwa kisu ili jua la magharibi lisiifute picha. Mchezo wenyewe ulikuwa ukichezwa Stuttgart. Mwenye duka aliupata kwa intaneti, na baa ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na dishi. Kwa hiyo ng'ambo walikuwa sekunde kadhaa mbele yetu, na sisi wa upande huu tulikuwa tukijua kwamba jambo limetokea bila kujua limetokeaje.

Dakika ya 89, Hispania wakiongoza kwa bao la Dani Olmo, ng'ambo walilipuka kwa kelele wakati kwetu Mittelstädt alikuwa hajapiga krosi. Tulisimama wote. Tukaitazama krosi ile ikienda, Kimmich akaushusha mpira kwa kichwa, Florian Wirtz akaupiga, ukagonga nguzo na kuingia, nasi tukashangilia bao ambalo tulikuwa tumeshaambiwa, na furaha haikupungua hata kidogo.

Dakika ya 119 ilikuwa kinyume. Ng'ambo palitoka sauti moja ya chini, kama ya watu wengi wanaoketi kwa wakati mmoja, kisha kimya. Kwetu Olmo ndiyo kwanza alikuwa akiuweka mpira sawa upande wa kushoto. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuwa kulia kwangu juu ya mto wake wa kukalia, akanishika mkono karibu na kiwiko. Hakunitazama. Alinishika tu, tukangoja pamoja mpira ukifikie kichwa cha Mikel Merino.

Nimesharudi Morogoro, wiki zinapita, na bado nauwaza mkono ule. Kinachonisumbua si kufungwa kwa Ujerumani, timu ambayo si yangu.

Kinachonisumbua ni kwamba siku tisa baadaye, usiku wa fainali, mimi sikuwapo pale.

## Kiti kilichovutwa

Nilikwenda Ujerumani kwa mafunzo ya wiki nne, mbili za mwanzo Frankfurt na mbili za mwisho Berlin, na ratiba ikaangukia katikati ya mashindano. Kabla ya kuondoka nilijiuliza swali ambalo naamini kila msafiri mpenda mpira hujiuliza: skrini kubwa kuliko zote iko wapi? Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, ambako unatoa shilingi 500 mlangoni, unabanana na watu watano kwenye benchi la watu watatu, na joto la mabati linakushukia kichwani mpaka filimbi ya mwisho. Aliyekulia humo akisikia kwamba kuna mahali ambapo skrini yenye ukubwa wa nyumba imesimamishwa nje, kwenye upepo, na kuingia ni bure, haoni haja ya kufikiri mara mbili.

Palikuwa na sababu nyingine, nayo siifichi. Siku chache kabla ya mashindano kuanza, shirika la utangazaji la ARD lilitoa kura ya maoni iliyoonyesha kwamba asilimia 21 ya Wajerumani waliohojiwa wangependa kuona wachezaji wengi zaidi wenye ngozi nyeupe kwenye timu yao ya taifa. Joshua Kimmich alisema waziwazi kwamba huo ni ubaguzi, na kocha Julian Nagelsmann akamuunga mkono. Niliisoma habari ile nikiwa nafunga begi. Mtu mmoja kati ya watano: baada ya hapo sikuweza kupita mbele ya meza ya watu watano bila kuwahesabu.

Jioni yangu ya pili niliingia kwenye baa moja ndogo iliyokuwa imeweka runinga uani. Nikaweka mkono kwenye mgongo wa kiti kilichokuwa wazi. Mwanamume aliyekaa jirani alikivuta kwake taratibu, macho yake yakiwa kwenye mchezo, akasema kina mtu. Nikaenda kusimama ukutani. Kiti kile hakikukaliwa mpaka mapumziko, nami nikaondoka wakati wa mapumziko, kwa hiyo mpaka leo sijui kama kulikuwa na mtu aliyesubiriwa akachelewa, au kama hakuwapo tangu mwanzo. Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa mtu yule. Inawezekana alikuwa akisema kweli.

Lakini usiku ule, nikitembea kurudi chumbani, niliamua kwamba nitatazama mpira penye umati, penye polisi, taa na ukaguzi wa langoni, mahali ambapo hakuna kiti cha mtu kukivuta.

## Skrini juu ya maji

Frankfurt waliweka skrini yao juu ya mto. Walishafanya hivyo wakati wa Kombe la Dunia la 2006, na mwaka 2024 wakaielea tena juu ya maji ya mto Main, umati ukiwa kwenye ukingo. Nilikwenda tarehe 23 Juni, Ujerumani wakicheza na Uswisi katika mji huohuo, mchezo wa saa tatu usiku. Nilifika saa kumi na moja jioni. Chupa yangu ya maji ilibaki langoni, na begi langu lilipimwa kwa macho kuhakikisha halizidi ukubwa wa karatasi ya A4.

Ni mahali pazuri, nami sitaki kumdanganya mtu kwa kusema vinginevyo. Mwishoni mwa Juni jua la Frankfurt huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo kipindi cha kwanza kizima tulikuwa kwenye mwanga wa dhahabu, maji yakipita chini ya picha, madaraja yamejaa watu walioegemea vyuma. Mimi si mrefu, na saa moja kabla ya mchezo mbele yangu palishakuwa na ukuta wa mabega, hivi kwamba nilichokiona vizuri ni theluthi ya juu ya skrini: mipira ya juu, majukwaa, na saa ya mchezo. Bao la Dan Ndoye la dakika ya 28 nililitambua kwa jinsi mabega yale yalivyoshuka. Bao la Niclas Füllkrug nililiona lote, kwa sababu lilikuwa la kichwa, dakika ya pili ya nyongeza, kutoka kwenye krosi ya David Raum. Bia ikamwagika angani. Kijana mmoja alinikumbatia kwa nguvu, akageuka kumkumbatia mwenzake, na sikumwona tena.

Nilituma picha nyumbani. Wote walisema nimepata bahati.

Nilipofika chumbani, nikiwa nimelowa bia ya watu, nilitambua kwamba tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa sita usiku neno pekee nililoambiwa mimi kama mimi lilikuwa "fungua begi".

## Dakika ya 88, Januari

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka mchezo wa Taifa Stars na Zambia, tarehe 21 Januari mwaka uleule, AFCON ya Ivory Coast. Hatukuwa kwenye banda. Jamaa mmoja mtaani kwetu alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa gereji, akakodi projekta, na kwa kuwa giza lilishaingia tukaona vizuri kilichokuwa kikiendelea San Pedro. Simon Msuva alishafunga dakika ya 11, kwa pasi ya Mbwana Samatta. Zambia walibaki 10 uwanjani tangu kabla ya mapumziko. Tulikuwa tunahesabu dakika kwa sauti, watoto na watu wazima, tukielekea ushindi wa kwanza wa nchi yetu katika historia ya mashindano yale.

Patson Daka alisawazisha dakika ya 88, kwa kichwa.

Sikumbuki vizuri mpira ulivyoingia. Ninachokikumbuka ni kwamba niligeuka. Nilimgeukia kaka yangu, naye alikuwa ameshanigeukia mimi, na nyuma yake fundi wa gereji alikuwa amemgeukia mkewe. Uwanja mzima wa gereji uligeuka kwa wakati mmoja, kana kwamba jibu lilikuwa usoni mwa mtu wa jirani wala si kwenye shuka. Tulikaa pale muda mrefu baada ya projekta kuzimwa.

Kule Main, Füllkrug alipofunga, niligeuka pia. Ni mazoea ya mwili, huwezi kuyazuia. Sikuona uso, niliona migongo na simu zilizoinuliwa.

Sasa nilikuwa na swali jingine, tofauti na lile la skrini kubwa. Bao likiingia, nitamgeukia nani? Sikujua namna ya kulitafutia jibu kwenye ramani ya simu.

## Mambo ambayo tangazo halisemi

Kuna mambo ambayo niliyajifunza kwa kutembea, na kwa kuwa wapo watakaosafiri kwa ajili ya mashindano mengine, nayaandika kama nilivyoyakuta.

La kwanza ni kuchelewa kwa picha. Nyumbani tunalijua kwa kuwa jirani mwenye king'amuzi humtangulia mwenye bando, lakini Ujerumani, ambako kila uchochoro ulikuwa na runinga yake, jambo hili lilitawala jioni nzima. Kwa kawaida dishi ndilo lenye kasi kuliko njia nyingine. Intaneti huja nyuma, wakati mwingine kwa sekunde chache, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu dakika. Ukichagua mahali, usiangalie skrini tu, tega sikio kwa majirani. Mwanzoni niliamini kwamba mahali palipochelewa ni mahali pabaya. Sasa sina hakika tena, kwa sababu zile sekunde za kujua na kungoja ndizo zilizoleta mkono wa yule bibi kwenye kiwiko changu.

Mvua ni jambo la pili, nalo si dogo. Tarehe 29 Juni, Ujerumani wakicheza na Denmark mjini Dortmund, mwamuzi aliwatoa wachezaji uwanjani dakika ya 35 kwa radi na mvua ya mawe, wakakaa ndani kama dakika 25. Niliitazama mechi ile kwenye ukumbi wa hosteli yetu Frankfurt, nikiwa nimeacha kwenda mtoni kwa sababu anga lilishakuwa jeusi tangu alasiri. Aliye mbele ya skrini ya uwanjani radi zikianza hana paa la kukimbilia, ana lango moja la kutokea na maelfu ya wenzake wanaolitaka hilohilo.

Halafu kuna haki za matangazo. Kati ya mechi 51 za mashindano, tano zilikuwa za kulipia tu, na maduka madogo mengi hayakuwa nazo. Ukiona mtaa umetulia wakati wa mchezo, huenda ndiyo sababu. Na kuna sheria ya kelele: Ujerumani usiku wa utulivu huanza saa nne, na mechi nyingi zilianza saa tatu, kwa hiyo serikali ilipitisha kanuni ya muda ya kuziwezesha halmashauri kuruhusu skrini za nje kuendelea usiku. Sheria inaweza kuruhusu kelele. Kumfanya jirani aivumilie ni kazi ya mwenye duka, anayemjua jirani huyo kwa jina.

Wajerumani wana neno lao kwa jambo hili lote, Rudelgucken. Rudel ni kundi la wanyama kama mbwa mwitu, na gucken ni kutazama. Nililipenda neno lile mara nilipofafanuliwa, kwa sababu mbwa mwitu hawaunganiki na kundi lolote wanalokutana nalo njiani.

## Abi

Nilihamia Berlin tarehe 1 Julai. Kesho yake Uturuki walicheza na Austria, hatua ya 16 bora, na nilikuwa nimepanga kwenda kwenye eneo kubwa la mashabiki, lakini darasa lilichelewa kwisha. Niliposhuka kwenye treni ya chini ya ardhi mchezo ulikuwa unaanza. Kila hatua chache palikuwa na duka la kona, yale yanayoitwa Späti, ambayo hufunguliwa mpaka usiku wa manane, na kila moja lilikuwa na runinga nje. Kabla dakika moja ya mchezo haijatimia mtaa mzima ukalia. Merih Demiral alikuwa ameshafunga. Nikasimama palepale nilipokuwa, mbele ya duka ambalo sikulichagua.

Hili nataka lieleweke vizuri: sikulichagua. Maandishi haya yote ni juu ya kuchagua, na mahali pazuri kuliko pote nilipopata nilipapata kwa sababu ya kuchelewa.

Mwenye duka, Mturuki wa makamo aliyezaliwa Berlin, alinitazama nikiwa nimesimama kwenye njia na begi mgongoni. Hakusema karibu. Aliingia ndani, akatoka na kreti tupu, akalipindua, akalifuta kwa kitambaa kilekile alichofutia kaunta, akaliweka pembeni ya mguu wangu kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Abi," akasema, akionyesha kwa kidevu. Niliambiwa baadaye kwamba kwa Kituruki ni kaka, tena kaka mkubwa, ingawa bila shaka yeye ndiye aliyenizidi umri.

Nikakaa. Plastiki ya kreti ile ilikuwa na vyumba vya chupa, na baada ya nusu saa vilikuwa vimenichora mapajani. Mapumziko yalipofika bibi wa ghorofa ya pili akanipa gazeti nilikunje nilikalie. Yeye, waliniambia, miaka iliyopita alishuka kwa mara ya kwanza kulalamikia kelele. Mwenye duka akampa kiti, na tangu siku hiyo hushuka na mto wake.

Sikuwa shabiki wa Uturuki. Lakini dakika za mwisho, wakiongoza 2–1, Baumgartner alipopiga kichwa na kipa Mert Günok akaruka kuutoa mpira ambao kila mtu alishauhesabu kuwa ndani, niligeuka bila kufikiri. Nikaukuta uso wa mwenye duka umenigeukia, mikono kichwani, mdomo wazi.

Nikarudi tarehe 5. Nikarudi tarehe 6, usiku ambao Uturuki walitolewa na Uholanzi mjini humohumo Berlin, baada ya kuongoza kwa bao la Samet Akaydin mpaka dakika ya 70. Filimbi ilipolia mwenye duka alizima runinga mara moja, akaanza kukusanya chupa. Hakuna aliyesema kitu. Nilikusanya chupa pamoja naye, nikazirudisha kwenye makreti, langu likiwa la mwisho, na tulipomaliza akanipa maji, akakataa pesa.

Tarehe 9, nusu fainali ya Hispania na Ufaransa, Lamine Yamal alipofunga lile bao la mbali la kona ya juu, bibi aliuliza ana miaka mingapi. Tukamwambia 16. Akasema mjukuu wake ana umri huohuo na bado hajui kufua soksi zake, kisha akaniuliza kama nina watoto, wako wapi, na nani anatazama nao mpira wakati mimi niko huku. Ilinibidi nifikiri kabla ya kujibu. Nilimweleza habari za kaka yangu na ukuta wa gereji. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameupa mgongo mchezo.

## Lango kubwa

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 14, Hispania na Uingereza, hapohapo Berlin. Wenzangu wa mafunzo walikuwa wanakwenda kwenye eneo kubwa la mashabiki mbele ya Brandenburger Tor, lango la kihistoria la mji ule, ambako barabara ilikuwa imetandikwa nyasi bandia na skrini imewekwa ndani ya lango la mpira lenye upana wa zaidi ya mita 60. Mpwa wangu alishaniomba picha ya lango lile tangu mwezi Juni. Ulikuwa usiku wangu wa mwisho. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kutoka Tanzania, awepo kwenye mji wa fainali, kisha aitazame kwenye runinga ya inchi 55 iliyozungushiwa maboksi. Nilijiambia pia kwamba pale dukani nilikuwa mpita njia, na hakuna anayemsubiri mpita njia.

Hilo la pili ndilo lililonirahisishia kwenda, na ndilo ambalo halikuwa kweli.

Sitaki kupadharau pale langoni. Mashabiki wa Uingereza na Hispania waliokuwapo walikuwa na furaha niliyoipenda kuiona, na nilielewa kitu ambacho sikukielewa Frankfurt. Wengi wao walikuwa wamekuja na watu wao. Walikuwa makundi ya marafiki kumi, baba na wanawe, vijana wa mtaa mmoja waliosafiri kwenye basi moja. Kijiwe walikuwa nacho tayari, walichokuja kutafuta ni nafasi ya kukitandaza. Kwa watu wa namna hiyo uwanja ule umefanywa sawasawa, na mtu akiniambia anasafiri na wenzake sita nitamwambia aende huko bila kusita.

Wenzangu watatu niliwapoteza kwenye foleni ya vyoo kabla mchezo haujaanza. Nico Williams alifunga dakika ya 47 kwa pasi ya Yamal, ambaye alikuwa ametimiza miaka 17 jana yake. Nilikuwa nikiwaza bibi angesema nini. Cole Palmer akasawazisha dakika ya 73, na kijana wa Kiingereza aliyekuwa mbele yangu akalia machozi kwenye bega la baba yake. Dakika ya 86 Mikel Oyarzabal akaupeleka mpira wavuni, na mwishoni kabisa Dani Olmo akautoa mpira wa kichwa wa Waingereza kwenye mstari wa goli.

Niligeuka mara tatu. Mara ya tatu nilijihisi nikigeuka, nikaona ninachokitafuta, nikajua hakipo hapa na kwamba nakijua kilipo, vituo kadhaa vya treni kutoka pale.

Nilifikiri kuondoka niende. Nikahesabu dakika: mchezo ungekuwa umeisha kabla sijafika. Nikabaki mpaka kombe likainuliwa, nikapiga picha za mpwa wangu. Zilitoka vizuri sana.

## Jumatatu

Nilipita dukani kesho yake mchana kuaga, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Runinga ilikuwa imeingizwa ndani na maboksi yamekunjwa, yamefungwa kamba kando ya pipa. Mwenye duka alikuwa akipanga soda kwenye friji. Aliponiona alisema "abi" kama kawaida, kisha akaniuliza kama nilikuwa naumwa.

Nikasema hapana, nilikwenda Brandenburger Tor.

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kukasirika, na kama angekasirika ningejua cha kujibu. Aliniambia tu, huku akiendelea kupanga soda, kwamba jana palijaa kuliko siku zote. Watu walikalia ngazi, wakakalia boneti la gari lake, na mara mbili mtu alitaka kukalia kreti langu, bibi akamwambia lina mtu.

Nilisikia maneno yale kwa Kiingereza chake cha dukani: lina mtu. Yalikuwa yaleyale niliyoambiwa kwenye baa ile ya wiki ya kwanza, nikayabeba wiki nzima kama tusi. Mtu fulani jana yake, pengine mgeni mwenye begi mgongoni, aliweka mkono kwenye kreti lililo wazi na akaambiwa na bibi mzee kwamba lina mtu. Akaenda kusimama. Kreti likabaki wazi mpaka Oyarzabal alipofunga, mpaka mwisho, na yule mtu, kama mimi, hatajua kamwe kama bibi alikuwa akisema kweli.

Nilitaka kupanda ghorofa ya pili, lakini mwenye duka alisema bibi huenda kwa daktari kila Jumatatu. Nilinunua maji, na safari hii akapokea pesa. Nikamwachia salamu za bibi, nikazirudia mara mbili ili asizisahau, akaahidi.

Nje, pale nilipokuwa nakaa, kreti lilikuwa limegeuzwa juu, limejazwa chupa tupu, limewekwa juu ya mengine matatu kusubiri gari la kuyachukua.

Nililitambua kwa gazeti. Lilikuwa bado limekunjwa, limechomekwa kati ya chupa.